Habari Mbaya Ipandishe Mwishoni

Siku Meneja alipomwambia Sindano kwamba Kiingereza chake kina hasira, Sindano alikuwa ameshika shati, ameligeuza ndani nje, anatafuta mshono uliokimbia. Hakuinua kichwa. Alidhani amesikia vibaya, maana cherehani za ukumbi mzima zilikuwa zinanguruma nyuma yake na pasi za mvuke zinafoka kama paka aliyekanyagwa mkia.

"Kina nini?"

"Hasira," Meneja alirudia, kwa sauti ya juu zaidi. "Mnunuzi wetu wa ng'ambo amelalamika. Anasema kila akiongea na wewe kwenye simu anajisikia kama mtoto aliyevunja kikombe. Tuko pamoja?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake, "tuko pamoja", na jibu lake lilikuwa hilohilo, hata kama uko peke yako katikati ya jangwa. Safari hii Sindano aliinua kichwa.

"Nilimwambia vifungo anavyotutumia vimechelewa. Vilikuwa vimechelewa kweli. Nikasema tafadhali, nikasema asante. Sasa neno lenye hasira ni lipi hapo?"

"Maneno yako safi. Shida ni sauti. Unaanza juu kidogo, halafu unashuka, unashuka, unashuka, pu! Kama gunia limedondoshwa. Wenzetu hawashuki hivyo."

Sindano akaliweka shati mezani, akalinyoosha kwa kiganja. Jina hilo la Sindano alipewa na mafundi wa ukumbini, na hawakulitoa hewani. Alikuwa mwembamba, alikuwa mkali, na kama kuna kasoro katika shati, yeye ndiye aliyepita palepale ilipo. Alikuwa na stashahada ya ufundi wa nguo. Kiingereza alikisoma tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu, na mtihani wake wa mwisho alifaulu vizuri kuliko Meneja mwenyewe, jambo ambalo wote wawili walilijua na hakuna aliyewahi kulitaja. Tangu mkaguzi mkuu wa zamani aondoke, Sindano ndiye alikuwa kaimu. Ukaguzi wote ulipita mkononi mwake, na katoni haikufungwa mpaka yeye abandike stika ya kijani. Alichobakiza ni kuthibitishwa.

"Ijumaa kuna kikao cha video na Mnunuzi," Meneja alisema. "Wewe ndiye utakayeongea. Akitoka kwenye kikao anatabasamu, Jumatatu unapata barua yako na kiti chako. Asipotabasamu, nitampa Asali. Nimewaletea mwalimu."

"Asali alishapitisha shati lenye mikono miwili ya kushoto."

"Lakini lilivyopita, kila mtu alifurahi," Meneja alisema, akaondoka.

*

Mwalimu alikuwa kijana aliyevaa koti lililombana makwapani, na kabla ya chai ya saa nne mafundi walikuwa wameshambatiza Kinanda, kwa jinsi alivyokuwa akipanda na kushuka hata anapouliza choo kiko wapi. Walimpa chumba cha sampuli. Humo mlikuwa na meza ya kukatia, marobota ya vitambaa yaliyosimamishwa ukutani, na sanamu la kuvalishia nguo lisilo na kichwa, ambalo kwa wiki nzima lilikuwa ndilo mwanafunzi pekee asiyebisha.

Wanafunzi wengine walikuwa Sindano na Asali. Asali alikuwa mkaguzi wa upande wa pili wa ukumbi, mnene, mchangamfu, mwenye sauti laini mno. Hata akikohoa ungetamani arudie. Hakuwa na ubaya na mtu. Hilo ndilo lilimkera Sindano zaidi: huwezi kugombana na mtu wa namna hiyo ukabaki na heshima yako.

Kinanda alichomoa kipande cha lastiki kutoka kwenye boksi, ile lastiki pana ya viunoni, akakishika kwa mikono miwili mbele ya kifua.

"Kiingereza," alisema, "ni lastiki. Neno zito, unavuta." Akavuta. "Neno jepesi, unaachia." Akaachia. "Mnavuta, mnaachia. Zito, jepesi jepesi, zito. Nyinyi mnaongea Kiingereza kama cherehani. Ta-ta-ta-ta-ta. Kila silabi sawa na mwenzake."

"Na ubaya wa mshono ulio sawa ni upi?" Sindano aliuliza.

"Masikio yao yanachoka."

"Yangu yanachoka nikisikia mtu anameza nusu ya sentensi. Hayo maneno mepesi nani kayapima? Mzani wako uko wapi?"

"Dada, usiyapime. Yameze tu."

"Nikiyameza yote nitakula chakula cha mchana saa ngapi?"

Asali akacheka mpaka akashika meza. Kinanda hakucheka. Alikuwa amelipwa kwa wiki moja, na alikuwa anaiona wiki yake inavyokwenda.

Akawapa sentensi. Ya kusalimia, ya kuuliza hali ya hewa, ya kuomba vifungo vije mapema. Asali alivuta lastiki, akaimba sentensi yake, na ikatoka kama tangazo la sabuni. Sindano alivuta, akasema, ikatoka kama amri ya kuhama nyumba. Kinanda akamwambia aache maneno kwanza, aifuate sauti kwa kuguna tu, mdomo umefungwa. Basi mkaguzi mkuu, kaimu, mwenye stashahada, akasimama mbele ya sanamu lisilo na kichwa akiguna, mm-MMM-mm-mm-MMM, huku mafundi wawili wakichungulia dirishani na mmoja akimuuliza mwenzake kama Sindano ameng'olewa jino.

Mara ya ishirini hivi, akaipata. Alijisikia mwenyewe. Sauti ilipanda pale ilipotakiwa, ikateleza, ikapanda tena mwishoni kidogo kama mtu anayesimama kwa ncha za vidole. Kinanda akapiga makofi. Sindano akajisikia kama amevaa nguo ya mtu mwingine ikamkaa sawasawa, na hakuipenda hata chembe.

"Sasa kanuni kubwa kuliko zote," Kinanda alisema. "Habari mbaya ipandishe mwishoni. Usimdondoshee mtu mguuni. Ipandishe, iache ikae hewani, yeye mwenyewe ataishusha taratibu."

"Habari mbaya haikai hewani," Sindano alisema.

"Ya kwako itakaa. Kwa Ijumaa tu. Haya, nyumbani kuna mtu wa kuongea naye Kiingereza?"

"Paka," alisema Asali.

Kinanda akafikiri, akasugua kidevu. Hapo ndipo alipolitoa wazo ambalo Sindano angelikumbuka kwa uchungu, kwa sababu wakati ule lilionekana la akili.

"Basi msiongee Kiingereza. Chukueni wimbo wa Kiingereza, yaani kule kupanda na kushuka kwake, muuvalishe maneno ya Kiswahili. Mkisalimia, mkiomba chumvi, mkijibu, tumieni ule wimbo. Ulimi utazoea. Na lastiki mwende nayo."

*

Nyumbani kulikuwa na mgeni. Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba yake, alikuwa amekuja kutibiwa goti. Alikuwa mwanamke aliyelea nusu ya ukoo na kuichapa nusu nyingine, na sasa alikuwa ameketi sebuleni, mguu juu ya stuli, kitambaa cha moto gotini. Mama yake Sindano alikuwa ukingoni mwa kochi, amekaa kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili.

Sindano aliingia, akavua viatu, akaishika lastiki mbele ya kifua, akavuta.

"Shikamoooo, Shangazi?"

Sauti ilipanda, ikaning'inia pale juu, ikakaa.

Mama yake aligeuka. Shangazi alimtazama kwanza usoni, kisha mikononi, kisha usoni tena.

"Unaniamkia au unaniuliza?"

"Nakuamkia, Shangazi?"

"Umeuliza tena."

"Ni mazoezi ya kazini, wifi," Mama aliingilia haraka, ingawa hakuwa anajua lolote. "Watoto wa siku hizi wana mambo yao ya kazini."

"Na hiyo kamba ya chupi mkononi nayo ni ya kazini?"

"Ni lastiki," Sindano alisema, na akakumbuka, akavuta. "Ya kiUNOOni, Shangazi?"

Angekuwa na akili angeiacha hapo. Lakini Sindano akianza kazi haachii katikati, hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake na balaa lake. Aliuliza kama chai imetosha sukari, kwa wimbo. Alisema jikoni kuna mkate, kwa wimbo. Mama yake alikuwa anamkonyeza kwa jicho la kushoto mpaka likaanza kutoa machozi.

Kisha Shangazi akauliza, "Dawa yangu ya kuchua umeipitia? Nilikuagiza asubuhi kwa mdomo wangu huu."

Sindano alikuwa ameisahau. Ilikuwa imemtoka kabisa kichwani, kati ya sanamu na kuguna. Ile ilikuwa habari mbaya, na kanuni ya habari mbaya alikuwa ameifundishwa mchana uleule. Akavuta lastiki.

"NimeisaHAAAu, Shangazi?"

"Umeisahau," Shangazi alisema polepole, "au unaniuliza mimi kama umeisahau?"

"Nimeisahau?"

"Mimi nitajuaje, mtoto wa kaka yangu? Mimi nimekaa hapa na goti langu! Goti linawaka moto, yeye ananiimbia! Ananivutia kamba!" Alishusha mguu kutoka kwenye stuli, na maumivu aliyoyapata hapo nayo akayaandika kwenye hesabu ya Sindano. "Wifi, mimi naenda kulala. Chakula sitaki. Siku mtoto wako akimaliza kunitania, mtaniita."

Mlango wa chumbani ulifungwa. Haukubamizwa, ulifungwa vizuri tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Kamwombe radhi," Mama alisema.

"Kwa lipi? Nimemwamkia, Mama. Nimemkaribisha chai. Umesikia neno moja la utovu wa adabu?"

"Neno sikusikia. Nimesikia sauti."

Sindano alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Akaanza kucheka, kicheko kisicho na furaha. "Kazini nikishuka nina hasira. Nyumbani nikipanda nina dharau. Sasa nipande wapi na nishuke wapi? Mnichoree ngazi basi!"

"Usinipigie kelele mimi," Mama alisema. "Mimi sina goti wala kiwanda."

*

Kesho yake alipotoka kazini alipitia duka la dawa kabla ya kitu kingine chochote. Usiku ule alikuwa ameligeuza jambo ndani nje, kama shati, na mshono uliokimbia alikuwa ameuona. Maneno yake hayakuwa na kosa, hilo hakulirudisha nyuma. Lakini dawa aliisahau, na goti la watu liliuma usiku kucha. Hilo lilikuwa lake, wala si la Kinanda.

Akamkuta Shangazi kitandani, ameketi, anatazama ukuta. Lastiki aliiacha kwenye mkoba.

"Shangazi, shikamoo. Nimekosa. Dawa niliisahau, na nilivyokujibu nilikujibu vibaya. Niwie radhi."

Ilishuka. Kila neno lilisimama kwa miguu yake, na la mwisho likatua, pu, kama gunia.

"Marahaba," Shangazi alisema. "Hiyo imefika. Ya jana ilikuwa inaelea tu humu ndani kama mfuko wa plastiki, sijui niidake, sijui niiache ipite." Akavuta kanga kutoka gotini. "Haya, chua. Na usichue kwa wimbo."

Sindano akachua. Dawa ilikuwa inanuka vibaya na mikono yake ilimwasha, na Shangazi alilalamika mwanzo mpaka mwisho. Baada ya hapo akadai sahani yake, na akala chakula cha siku mbili.

*

Tatizo la kola lilijitokeza Ijumaa asubuhi.

Mashati yalikuwa ya wauguzi, meupe, ya kufuliwa kila siku. Kabla shehena haijafungwa Sindano huchukua mashati machache kutoka katoni tofauti, akayafua, akayakausha, akayapiga pasi, kama atakavyofanya mwenye shati. Safari hii, alipoyatoa kwenye mashine ya kufulia, kola zilikuwa zimetoka malengelenge. Ndani ya kola hubandikwa kitambaa kigumu chenye gundi ili isimame, na gundi hiyo haikuwa imeshika. Pasi kubwa ya kubandikia haikuwa imepata moto wa kutosha, basi kitambaa kilikuwa kinaachana na mwenzake na kuvimba. Akachukua mengine. Malengelenge. Akachukua ya katoni ya chini kabisa. Vilevile.

Akayapeleka kwa Meneja, akayatandaza mezani kwake.

Meneja aliigusa kola moja kwa kidole, kama mtu anayegusa sufuria ya moto. "Ukiipiga pasi tena?"

"Inalala. Ukiifua inaamka."

"Mnunuzi anaitaka shehena Jumatatu. Jumatatu, Sindano."

"Kola zote zibanduliwe, zirudiwe. Wiki mbili."

Meneja alifuta uso kwa leso. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na woga wa simu. "Basi utamwambia mwenyewe mchana. Sikukatazi. Ila umwambie kwa ile sauti. Mwalimu anasema umeiva. Tuko pamoja?"

"Nitamwambia," alisema Sindano.

*

Ofisi ya Meneja ilikuwa na kiyoyozi kilichodondosha maji ndani ya ndoo. Skrini iliwekwa juu ya kabati la majalada. Sindano alikaa mbele yake, na kola yenye malengelenge magotini. Meneja alikuwa pembeni, nje ya kamera. Asali aliketi mlangoni, ajifunze, Meneja alisema, na kila mtu alielewa maana yake. Kinanda alisimama nyuma ya skrini kama kiongozi wa kwaya, lastiki mikononi.

Mnunuzi alitokea: mwanamke wa makamo, miwani juu ya kichwa, kikombe mkononi. Waliongea kwa Kiingereza. Sindano akamtazama Kinanda, Kinanda akavuta, na mambo yakaanza.

Yalikwenda vizuri kiasi cha kutia aibu. Sindano alisalimia, sauti ikapanda na kuteleza. Akauliza hali ya hewa ya huko. Mnunuzi alisema ni mvua tupu, Sindano akasema pole kwa wimbo mrefu wenye kona mbili, na Mnunuzi akacheka, akaweka kikombe chini.

"Unasikika tofauti sana leo! Ulikuwa likizo?"

Meneja aliinua dole gumba. Kinanda alifumba macho kwa raha. Kiti cha mkaguzi mkuu kilikuwa kimemsogelea Sindano mpaka akahisi mto wake.

Akavuta pumzi. Kinanda naye akafumbua macho, maana alijua kinachokuja, akainyoosha lastiki taratibu kwenda juu.

"Tumefua mashati," Sindano alisema, "na kola zimetoka malengelenge?"

Ilipanda mwishoni, ikabaki hewani.

"Oo, usijali, mpenzi," alisema Mnunuzi. "Nina hakika ziko sawa."

Sindano alipepesa macho. Akajaribu tena, akavuta zaidi palipo zito. "Gundi haikushika? Zikifuliwa zinavimba?"

"Mnajisumbua mno nyinyi, mnataka kila kitu kiwe kamili. Napenda hilo."

"Nafikiri hatuwezi kuzisafirisha Jumatatu?"

"Mnaweza!" Mnunuzi alisema, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto baiskeli. "Nawaamini kabisa. Basi Jumatatu. Nimefurahi sana kuongea na wewe leo, sijui kama nimeshawahi kukuambia hivyo."

Meneja alikuwa ameshika mikono miwili kifuani. Asali alitikisa kichwa kwa kuvutiwa. Na Sindano, akiwa na kola imevimba magotini mwake, aliona habari yake yote inaelea juu ya lile kabati la majalada kama mfuko wa plastiki, na yule mama kule hajui aidake au aiache ipite. Ameiacha ipite. Kwa nini asiiache? Ameulizwa maswali matatu, ameyajibu yote matatu kwa moyo mweupe. Unaniambia, au unaniuliza mimi kama unaniambia?

Mnunuzi alikuwa anatafuta kitufe cha kukata.

"Subiri," Sindano alisema.

Kinanda akavuta lastiki. Sindano akaacha kumtazama.

"Kola ni mbovu. Zote. Muuguzi akifua shati mara moja, kola inavimba. Shehena haitatoka Jumatatu. Mimi ndiye ninayebandika stika, na sitaibandika."

Kila silabi ilipata haki yake. Hakuna neno lililomezwa. Sentensi zilishuka moja baada ya nyingine na kutua mezani, na nyuma ya skrini lastiki ilimponyoka Kinanda ikampiga kwenye kidole.

Mnunuzi alikuwa ameshusha miwani kutoka kichwani mpaka machoni.

"Zote?"

"Zote."

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Nimekuambia mara tatu, sasa hivi."

Maji ya kiyoyozi yalidondoka ndani ya ndoo. Mnunuzi aliandika kitu, akakipigia mstari. Aliposema tena, sauti yake haikuwa na kona yoyote.

"Zirudiwe. Sitaki kola mbovu, ni wazi. Nipeni tarehe mpya kwa maandishi." Akaweka kalamu chini. "Lakini sijazoea kusemeshwa namna hii, na sina nia ya kuzoea. Nadhani nastahili kuombwa radhi."

Meneja aliruka kwenye kabati, akabonyeza kitufe cha kuzima sauti. Midomo ya Mnunuzi ikaendelea kukaa imebanwa pale kwenye skrini, ikisubiri.

"Mwombe radhi," Meneja alisema. "Haraka."

"Kola amezielewa. Umemsikia? Amesema zirudiwe."

"Kola zimekwisha! Nakwambia habari ya radhi. Neno moja tu. Hata usimaanishe, toa sauti tu!"

"Ndiyo hiyo sauti niliyotoa mwanzoni, bosi. Ilitaka kuwavalisha wauguzi malengelenge shingoni."

"Sikiliza." Meneja aliinama, uso karibu na wake, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuuliza kama wako pamoja. "Kiti kiko hapa. Unakiona. Ukiomba radhi ni chako, Jumatatu, barua ninayo. Usipoomba, Asali yuko pale mlangoni."

"Sema tu, dada, yaishe," Asali alinong'ona. Alikuwa karibu kulia, na ilikuwa kweli, hakuwa anaigiza. "Mimi ningeshasema zamani."

"Najua," Sindano alisema.

Alifikiria kama kuna dawa ya mtu aliyoisahau. Akatafuta vizuri, kwa haki, kama anavyotafuta kwenye shati, ndani na nje. Mashati ameyafua. Kola amezitazama. Kilichokuwepo amekisema, na alipokisema kwa adabu ya watu hakikusikika, akakisema kwa ya kwake. Hakuna goti lililouma kwa sababu yake. Kiti alikitaka kweli, na Jumatatu ingefika na Asali angekikalia, na Sindano angerudi kwenye meza yake ya zamani kando ya pasi zinazofoka.

Alinyoosha mkono mwenyewe, akarudisha sauti.

"Mama," alisema kwa Kiingereza chake, na Kinanda akajificha uso kwa viganja, "tarehe mpya utaipata leo. Kola zitarudiwa, na mimi mwenyewe nitazifua tena kabla hazijaondoka hapa."

"Vizuri," alisema Mnunuzi. "Na radhi?"

"Hapana. Siombi."